Tawi la Malili

Kilungu, Makueni
Tarehe 8 Juni

Dada yangu Ndunge,

Si mtandao uliokatika Jumapili. Ni mimi niliyekata. Uliponiuliza kama Mulinge aliwahi kuniambia mapema kwamba duka la Ngao litafungwa, au kama nami nilisikia asubuhi ile ile mlipokuta kufuli mlangoni, nilizima simu, kisha nikakutumia ujumbe kwamba huku milimani mtandao ni wa kubahatisha. Mtandao ulikuwa mzuri. Ndiyo maana leo nimechukua kalamu. Barua haikatwi katikati kama simu, na nikishaianza itabidi niimalize.

Lakini nisianze kama mtu asiyelelewa, na aliyenilea ni wewe. Habari za Kitui? Jua limepunguza ukali wake? Mguu wako wa kushoto bado unavimba jioni, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Mwanao Kaluki anaendeleaje na masomo? Mwambie mama mdogo wake anamkumbuka. Mimi ni mzima, nashukuru Mungu. Baridi ya Kilungu imenishika masikio. Asubuhi ukungu unakaa chini kabisa, hata huoni parachichi la jirani, unasikia tu likianguka. Nimejifunza kuvaa sweta mbili na kutocheka wenyeji wanaponiambia kwamba bado baridi yenyewe haijafika.

Na nimeolewa, dada! Najua unajua, ulikuwepo, ulipiga vigelegele mpaka sauti ikakukauka. Lakini kila nikiamka najiambia tena kana kwamba ni habari mpya. Mulinge huniamsha na chai ya tangawizi, na akienda kazini huniachia nyingine kwenye chupa na kuifunga taulo ili isipoe. Hukata kuni zote urefu mmoja, kwa sababu mkono wake umezoea kupima kila kitu. Tukipita sokoni hunishika mkono mbele ya wazee, na mimi hutamani ardhi inimeze na wakati huo huo hutamani soko liwe refu zaidi. Mama mkwe anasema mwanawe amelishwa dawa, na kwamba kama imebaki nimpe kidogo amtilie mzee wake kwenye uji. Sikujua, dada, kwamba mtu anaweza kupendwa hivi na bado akumbuke kuosha vyombo.

Nimeandika hayo kwanza kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nataka ujue thamani ya kile nilichokuwa nikikilinda. Si kujitetea. Utaona.

Siku ya soko wiki iliyopita nilipita Nunguni mbele ya jengo la Ngao la huku. Lile tangazo kubwa wamelishusha, lakini ukuta nyuma yake haukupigwa jua kwa miaka mingi, kwa hivyo jina bado linasomeka kwa rangi iliyo safi kuliko ukuta wenyewe. Chini wamegawanya kwa mbao, kuna vibanda kumi na kitu: makava ya simu, viatu vya mitumba, mama mmoja anayeuza vifaranga palipokuwa na kaunta ya manukato. Juu ni kanisa. Nilipanda. Ngazi ni zile zile kama za Kitui, zenye ukingo wa shaba, na shaba imelika katikati kwa miguu ya watu. Hapakuwa na mtu, viti vya plastiki tu. Nilisimama pale ambapo meza ya mapazia ingekuwa kama ni Kitui, nikakukumbuka na tepu yako shingoni, nikalia mpaka mfagiaji wa kanisa akaniuliza kama nataka kuombewa.

Wewe unajua Ngao ilikuwa nini kwetu. Watoto wa siku hizi wanadhani ni duka tu. Mzee Muindi alianza na baiskeli, akiuza blanketi Mwingi, mpaka akawa na maduka manne. Nani Ukambani alienda shule ya bweni bila sanduku la chuma la Ngao? Nani alipeleka blanketi kwa wakwe ambazo hazikutoka ghorofa ya pili? Na hakuna bibi harusi wa Kitui ambaye shangazi zake hawakumpandisha zile ngazi, wakamkalisha kwenye kile kiti chenye mto mwekundu, nawe ukamtandikia kitambaa begani na kumwambia ageuke kwenye mwanga. Kisha ukapima, ukakata, na juu ya mita alizolipia ukamwongezea shubiri moja, kwa sababu Mzee Muindi alisema mteja asilale akijiuliza kama alipunjwa.

Wanawe waliporithi wakaleta karatasi kutoka Nairobi kwamba shubiri hiyo ni hasara, mkate pale pale tepu inapoishia. Nakumbuka ulikuja nyumbani na ile karatasi umeikunja mara nne. Uliendelea kuongeza shubiri yako kwa siri, ukijifanya mkono umeteleza. Nadhani hapo ndipo duka lilipoanza kufa, ingawa hakuna aliyeliona. Baadaye ndiyo yakaja yale yaliyoonekana: supermaketi mpya karibu na benki, watu kuagiza vitu kwenye simu, malori ya mizigo kupita bila kusimama. Rafu za chini zikajaa chumvi na viberiti, mbele pakiti, nyuma makatoni matupu. Watu wa stendi wakawa wanasema ukiingia Ngao kununua sukari utatoka na chumvi na pole. Nawe juu ukawa unatandaza jora moja la kitambaa kwenye rafu tatu ili paonekane pamejaa. Ulikuwa hodari. Hata mimi niliyekuletea chakula kila siku saa saba sikugundua mpaka siku moja nilipovuta ncha na kitambaa kikaja chote.

Halafu Julai ya mwaka jana wakaja wale vijana watatu, na tepu zao na madaftari, wakaanza kuorodhesha kila kitu hadi misumari ya ukutani.

Hapa nataka nikukumbushe, si kwa kukucheka, maana nami nilikuwa naamini pamoja nanyi. Ni mzee wa kanisa Gedion, yule mtunza stoo, aliyesema kwanza. Alisema mtu hahesabu misumari ya nyumba anayoiacha, anahesabu ya nyumba anayotaka kujenga nyingine kama hiyo. Alisema Ngao inafungua tawi Malili, pale kwenye barabara kuu, ambako kila mtu anasema mji mpya unakuja. Kufika saa nne duka lote lilikuwa limeshahamia Malili. Msichana wa viatu alishauliza kodi ya nyumba huko ni ngapi. Meneja alikaa ofisini mlango umefungwa, na hilo nalo likachukuliwa kuwa ushahidi.

Kesho yake kwenye maombi ya asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa, mkamwita yule mkubwa wa vijana asimame katikati, kati ya mistari miwili ya chumvi, mkamwekea mikono. Gedion akamwomba Mungu apanue mipaka ya Ngao hadi Malili, na hadi Emali, na hadi Voi kama ingempendeza. Wewe uliweka mkono wako kwenye bega lake la kushoto. Na saa saba ulinituma nimpelekee chapati mbili na kuku kutoka kwenye bakuli lako, kwa sababu kijana wa watu yuko mbali na mamake.

Hivyo ndivyo nilivyomfahamu Mulinge wangu. Nilimkuta kwenye ngazi, ameketi, daftari magotini. Alipokea sahani kwa mikono miwili kama anapokea kitu kanisani. Hakula. Alinitazama akaniuliza jina, nikamwambia Kanini, akasema kwa utaratibu, kana kwamba anaandika, kwamba hajawahi kuona mtu akipanda ngazi kama mimi. Dada, ni ngazi tu nilikuwa napanda! Lakini toka siku hiyo nilianza kuzipanda kwa uangalifu. Akawa ananitumia ujumbe wenye nukta na koma mahali pake. Nikawa naleta chakula dakika kumi mapema. Uliona, ukanitania kwamba siku hizi mahindi yako ya muthokoi yanafika yakiwa moto kuliko yalivyotoka jikoni.

Sasa nafika.

Tarehe tatu Agosti, siku ya Jumamosi, alinipeleka tukatembee nyuma ya uwanja wa shule. Nilidhani ataniambia mambo ya ndoa, nilikuwa nimevaa lile gauni la njano. Aliniambia kampuni inayomwajiri haifungui maduka. Huitwa maduka yanaposhindwa. Huja kuorodhesha vilivyobaki, kisha huweka kufuli. Hakukuwa na Malili. Hapakuwahi kuwa na Malili hata siku moja. Aliniambia alipokuwa amesimama chini ya mikono yenu aliogopa kusema amina na akaogopa kutosema, akasema, na tangu hapo hakuweza kumeza chapati zako, alikuwa akizifunga kwenye karatasi na kumpa mlinzi. Alilia, dada. Nilimpenda zaidi alipolia, na hilo lilinitisha. Akaniomba nisimwambie mtu, hata wewe, mpaka karatasi rasmi itoke, kwa sababu habari ikivuja stoo itabebwa yote, na yeye atafukuzwa kazi. Nikaahidi. Na hapo hapo akaniuliza kama wazee wake wanaweza kuja kwetu. Yote siku moja, saa moja. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha na hofu zimechanganyika kama mahindi na maharagwe, sikuweza kuzitenga.

Umeniuliza kama aliniambia mapema. Jibu ni ndiyo. Nilijua majuma matatu na siku sita kabla ya kufuli.

Kama ingekuwa ni hilo tu, ningeweza kukujibu kwenye simu. Ungeniambia siri ya mchumba ni siri, ungenuna siku mbili, ungenisamehe. Lililonifanya nikate ni la wiki iliyofuata, na sidhani unaliwaza, kwa sababu hujawahi kuniwazia mabaya.

Mama Esha wa mapazia alipanda ngazi Jumatatu ile akihema. Huyu mama amenunua majora kwako tangu niko darasa la tatu. Ulinisimulia mwenyewe jioni, ukimwigiza. Eti alishika lile jora ulilotandaza rafu tatu, akalivuta, akacheka mpaka mtandio ukamwanguka, akakuambia Ndunge mwanangu, hapa mnauza hewa, na hewa haipimwi kwa mita. Akakuambia anafungua duka la pili nyuma ya msikiti, anataka mkataji mwenye mkono ulionyooka, na kiti ni chako mpaka Ijumaa, baada ya hapo atampa mwanamke mmoja wa Mwingi anayemsumbua kila siku.

Ulikuwa unachagua maharagwe kwenye ungo. Ulisema miaka kumi na tisa si kitu cha kutupa, kwamba makasi yako ulipewa na Mzee Muindi kwa mkono wake. Lakini ulisema pia Mama Esha si mtu wa mzaha. Kisha ukaniangalia ukacheka, ukaniuliza mimi msomi wa kidato cha nne naonaje, uende au ukae.

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Nenda. Sikuhitaji kuvunja ahadi yangu kwa Mulinge, sikuhitaji kueleza chochote. Ningesema Mama Esha ni mtu mzuri, ningesema duka lake ni jipya, ningesema kwake utakaa kitini upumzishe mguu. Nimejiambia maneno hayo mara nyingi tangu siku hiyo, yako mengi, yote ni mepesi.

Nilikuambia ukae. Nilikuambia Malili wakifungua watahitaji mkuu wa ghorofa, na ni nani mwingine kama si wewe.

Kwa nini? Nimejiuliza huku nikipalilia, nikichota maji, nikimtazama mume wangu akila. Niliogopa nikikuambia uende utaniuliza kwa nini nakuhimiza, na mimi sijui kukudanganya ukinitazama. Lakini uongo wa Malili ulikuwa tayari uko kinywani mwa kila mtu, haukuwa na uzito, niliuokota tu. Na chini ya hapo kuna kingine. Nilifikiri ukiondoka wiki hiyo, wewe mkongwe wa ghorofa ya pili, watu watashtuka, wataulizana nani amekudokeza, na kidole kitamfikia Mulinge kupitia kwangu. Atahamishwa. Wazee wake hawatakuja. Nilipima, dada. Upande mmoja niliweka kazi yako, upande wa pili nikaweka harusi yangu. Nilipima vizuri, kwa mkono ulionyooka, nikakukata.

Ijumaa ulimrudishia Mama Esha jibu, na ulijivuna kidogo ulivyonisimulia. Mwisho wa Agosti mlikuta kufuli, na Gedion ameketi kwenye ukingo wa barabara na Biblia yake, akiuliza kila anayefika kama pengine ni ukarabati tu. Ulikwenda nyuma ya msikiti siku hiyo hiyo. Ulirudi ukasema yule mwanamke wa Mwingi anakata vizuri. Sasa wanawake uliowatandikia kitambaa begani wanakuja kununua uji kwako pale stendi, na wengine hugeuza uso ili usijue kwamba wamekutambua. Umeniambia hilo huku ukicheka, na mimi nilicheka.

Na mzigo mwingine ni ule wa siku ya ntheo, wazee wa Mulinge walipoleta mbuzi wa posa. Mjomba alimsimamisha Mulinge mbele ya watu akauliza kwa sauti kama huyu ndiye aliyefunga Ngao, na kama tukimpa mke hatafunga na nyumba yetu pia na kuorodhesha vijiko. Watu walicheka, lakini kilikuwa kicheko cha meno tu, na wazee wa Kilungu waliangalia chini. Ukainuka wewe, uliyeumizwa kuliko wote waliokuwepo. Ulisema mjumbe hauawi, kijana alitumwa na akafanya alichotumwa, na kama kuna mwenye kinyongo ni wewe, na wewe huna. Ukamwekea mkono kwenye bega lile lile. Mulinge anasema hatasahau mpaka afe. Dada, ulimsamehe asiyekukosea. Aliyekukosea alikuwa nyuma ya mlango na leso mpya, anasubiri kuitwa.

Jana baada ya ibada nilimwambia mume wangu yote. Hakuwa anajua. Alitoka akaenda kupalilia nduma akiwa na nguo zake za kanisa. Aliporudi aliniambia hawezi kunikasirikia kwa kumlinda, lakini hataki tena kulindwa kwa mtindo huo. Akasema angefukuzwa tu angepata kazi nyingine, ana miaka ishirini na tisa, akaniuliza wewe ulikuwa na nini. Nampenda, nikaenda kumfulia zile nguo za kanisa. Sasa wamemtuma kwenye maduka mengine, siwezi kukuambia wapi. Anabeba chakula chake kutoka hapa nyumbani, na wafanyakazi wakimkaribisha anasema tumbo linamsumbua.

Nthenya, jirani yetu, anasafiri Kitui kesho, ndiye atakayekuletea barua hii. Nilitaka kumpa na parachichi za kukuletea, nilishazipanga kwenye kiondo, halafu nikazitoa. Isije ikaonekana nimezituma ziende mbele yangu kuniombea. Sikuandikii uniambie si kitu. Ukiniambia si kitu sitakuamini. Ukikaa kimya nitaelewa pia.

Msalimie Kaluki, na Gedion ukimwona kanisani, na wote wa ghorofa ya pili mnaokutana bado. Mama mkwe anakusalimu kwa jina. Mulinge amesema nisiandike salamu zake, atazileta mwenyewe siku utakayomruhusu.

Lakini mimi sitangoja ruhusa. Kabla ya mwezi huu kwisha nitakuja Kitui, peke yangu, asubuhi, wakati una wateja. Sitakuita pembeni. Nitakaa kwenye benchi lako pamoja na makondakta, nisubiri mpaka zamu yangu ifike kama mtu mwingine yeyote, na kama utanipita na kikombe umpe wa baada yangu, nitasogea nisubiri tena.

Ni mimi mdogo wako,
Kanini